Laptopu ya Linux inachemka na kuganda: pima kwanza, skrubu baadaye

Ukienda Kariakoo jijini Dar au Luthuli jijini Nairobi ukasema laptopu yako imekuwa nzito, jibu la kwanza utakalopewa ni "ongeza RAM, bosi." Ukiuliza mtandaoni utaambiwa usakinishe TLP, programu ya kubana matumizi ya umeme. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, ila hakuna aliyeipima mashine. Shida ni kwamba kuchemka na kuganda ni maradhi mawili yanayofanana dalili, na kila moja huzaa jingine. Prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, basi joto linaleta uzito. Programu iliyokwama nayo huikimbiza prosesa kutwa nzima, basi uzito unaleta joto. Usipojua kipi kilianza, utanunua RAM wakati feni imezibwa na vumbi, au utafungua skrubu wakati kosa liko kwenye brauza.

Mfano nitakaoutumia ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018 yenye prosesa i5-8250U au i5-8350U, inayoendesha Ubuntu 24.04. Nimeichagua kwa sababu ni mashine inayopatikana kwa wauza kompyuta zilizotumika, na HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za kizazi hichohicho cha prosesa. Kwenye Linux Mint na Debian amri nyingi ni zilezile. Kwenye Fedora weka `dnf` mahali pa `apt`, na `lm_sensors` mahali pa `lm-sensors`.

Hatua ya 1: Sakinisha vipimo

```
sudo apt update
sudo apt install lm-sensors htop stress-ng smartmontools
sudo sensors-detect
```

Amri ya tatu ina maswali mengi. Bonyeza Enter kila inapouliza, kisha andika `sensors`. Utaona mistari ya namna hii:

```
Package id 0:  +51.0°C  (high = +100.0°C, crit = +100.0°C)
fan1:          2650 RPM
```

Mstari wa kwanza ni joto la prosesa nzima, wa pili ni mizunguko ya feni kwa dakika. Kwenye mashine za AMD tafuta neno `Tctl`. Laptopu nyingine hazionyeshi feni kabisa. Hiyo haimaanishi feni imekufa, ni mtengenezaji tu hakuiweka wazi kwa Linux. Lakini kwenye ThinkPad, ukiona 0 RPM huku joto liko nyuzi 80, hapo pana neno.

Joto la chumba nalo lihesabiwe. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani hupanda karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Kwa hiyo mashine inayokaa nyuzi 42 bila kazi usiku wa baridi Mafinga itasoma karibu 60 ikihamia chumba kisicho na kiyoyozi Dar mwezi wa Februari, na hakuna kilichoharibika. Kwa hali yetu ya pwani, mimi nakubali nyuzi 45 hadi 60 mashine ikiwa imetulia, na 60 hadi 75 ukiangalia video. Kazi nzito ikiipeleka 85 au 90 kwa muda, laptopu nyembamba zimeumbwa hivyo. Ikigonga 97 na kubaki hapo, si sawa.

Hatua ya 2: Iangalie ikiwa haina kazi

Washa mashine, ingia, usifungue kitu, subiri dakika kumi. Fungua `htop`, bonyeza herufi kubwa P ili programu zijipange kwa ulaji wa prosesa. Kwenye mashine yenye afya, jumla hubaki asilimia chache tu na mlaji mkubwa ni `htop` yenyewe au eneokazi (desktop).

Kuna kitu kinachokula asilimia 100 ya kiini kimoja (prosesa ina viini kadhaa) bila kukoma? Hapo usiguse skrubu hata moja. Wahusika wa kawaida ni hawa.

`tracker-miner-fs-3` ni programu ya GNOME, eneokazi la Ubuntu, inayosoma mafaili yako ili utafutaji uwe wa haraka. Baada ya kusakinisha mfumo upya au kumwaga maelfu ya picha kwenye diski, iache imalize. Ikiendelea siku ya pili, hifadhi yake imevurugika. Andika `tracker3 reset -s` ianze upya. Ndugu yake wa upande wa KDE ni `baloo_file`, nayo unaizima kwenye mipangilio ya utafutaji.

`unattended-upgr`, `packagekitd` na `snapd` ni masasisho. Waache wamalize, hasa kwa mashine iliyokaa wiki kadhaa bila intaneti.

Brauza ni kesi pana zaidi. Usihesabu tabo, tafuta tabo yenye kosa. Kwenye Firefox andika `about:processes` pale juu pa kuandikia anwani. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc. Utaona ulaji wa kila ukurasa mmojammoja, na mara nyingi ni ukurasa mmoja wa matangazo unaoiendesha feni yote hiyo.

Halafu kuna `kworker`. Huyu ndiye anayewachanganya watu, kwa sababu ukimuua anarudi. Ni mfanyakazi wa kerneli yenyewe, ile sehemu ya ndani kabisa ya Linux inayoongoza vifaa, na akila kiini kizima, `kacpid` likiwa limeandikwa kwenye jina lake, kuna kifaa kinachoipigia kerneli kelele bila kunyamaza. Mtafute hivi:

```
grep enabled /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe*
```

Kila mstari una namba. Irudie amri baada ya sekunde kumi. Mstari ambao namba yake imeruka kwa maelfu ndio mkosaji, tuseme `gpe6F`. Mnyamazishe:

```
echo disable | sudo tee /sys/firmware/acpi/interrupts/gpe6F
```

Ulaji ukishuka papo hapo, umempata. Lakini jaribu kwanza vitufe vya mwanga, kufunga kifuniko na kuchomeka chaja, maana mlango huohuo unaweza kuwa unapitisha taarifa hizo. Vikifanya kazi, ongeza `acpi_mask_gpe=0x6F` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`. Bila hivyo kosa litarudi ukiwasha upya.

Hatua ya 3: Ibebeshe mzigo

Hii ndiyo hatua yenye majibu. Weka mashine mezani, chaja ikiwa imechomekwa, fungua terminali tatu, amri moja kila terminali:

```
watch -n 1 sensors
watch -n 1 "grep MHz /proc/cpuinfo"
stress-ng --cpu 0 --timeout 3m
```

Ya tatu inaipa kazi prosesa nzima kwa dakika tatu. Mashine ikijizima katikati, jibu umeshapata, nenda Hatua ya 5. Isipojizima, tazama joto na kasi kwa pamoja, na mkono mmoja uweke pale hewa inapotokea.

Joto likiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, huku hewa inayotoka ni vuguvugu tu, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye bomba la shaba. Pesti, ule uji unaopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye bomba, imekauka, au bomba halikukazwa sawasawa na aliyeifungua kabla yako.

Joto likipanda taratibu, dakika ya pili ndiyo linafika 95, na hewa inayotoka ni moto lakini dhaifu, pesti inafanya kazi yake. Njia ya hewa ndiyo imeziba. Tofauti ya hizi mbili ina thamani ya pesa: ya pili inataka brashi na subira, ya kwanza inataka kuvuliwa bomba.

Joto likibaki 55 au 60, lakini kasi imeganda kwenye 400 au 800 MHz, hilo si joto. Nenda Hatua ya 4.

Joto na kasi vyote vikiwa vizuri, na bado mashine ni nzito kwenye matumizi ya kila siku, shida ni RAM au diski. Ruka hadi Hatua ya 7.

Tahadhari moja. Prosesa hizi ni za wati 15. Zikianza kazi hupanda hadi 3,000 MHz na zaidi, halafu baada ya nusu dakika hivi hushuka kwenye 2,000 na kitu. Watu wakiona hivyo hudhani wameupata ugonjwa. Ndivyo zilivyopangwa kiwandani. Ukitaka uhakika kama kushuka huko kumeletwa na joto, iulize kerneli:

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count
```

Namba hiyo ni mara ambazo prosesa imebanwa na joto tangu mashine iwashwe. Ikiwa 0 baada ya jaribio, joto halina hatia. Andika mahali joto la juu, kasi ya mwisho na namba hiyo, utazihitaji baadaye.

Hatua ya 4: Kasi iliyoganda chini, na chaja ya bei rahisi

Chomoa chaja huku ukitazama MHz. Zikipanda ghafla ukibaki na betri, mbaya wako ni chaja. Laptopu nyingi za Dell huongea na chaja kupitia kipini chembamba cha katikati. Kipini kikipinda au chaja ikiwa ya kuiga, mashine haijui inapewa wati ngapi, basi inajibana hadi kasi ya chini kabisa. Zingine huandika ujumbe kuhusu aina ya chaja zinapowaka, na bayosi (programu ya kiwandani inayowasha mashine kabla ya Linux) ya Dell ina mahali panapoonyesha wati za chaja iliyotambuliwa. Kwa T480 inayochajiwa kwa USB-C, tumia ya wati 45 au 65. Ile ya simu ya wati 18 inaweza kuwasha taa ya kuchaji na kukudanganya kwamba mambo ni shwari.

Betri iliyochoka nayo huleta balaa hilohilo. Kama kuchomoa chaja hakubadilishi kitu, zima, toa betri ya nje kama ipo, washa kwa chaja ya uhakika peke yake.

Mtandaoni utakuta maelekezo ya kuzima ulinzi huu wa kujibana kwa amri moja ya kuandika ndani ya prosesa. Sikushauri. Ulinzi huo upo kwa ajili ya waya zinazobeba umeme, na chaja nzima ni nafuu kuliko ubao.

Hatua ya 5: Kufungua na kusafisha

Kwenye T480 ingia bayosi kwa F1, nenda Config, kisha Power, chagua Disable Built-in Battery. Mashine itazima. Hatua hii watu huiruka, wakasahau kwamba T480 ina betri mbili: ya nyuma inayochomoka na ya ndani isiyoonekana. Chomoa ya nyuma, legeza skrubu za kifuniko cha chini (hazitoki kabisa, zinabaki kwenye kifuniko, usizilazimishe), kisha pitisha kadi ya plastiki pembeni mwa kifuniko kuachia vishikizo. Usitumie bisibisi, itakwaruza na kuvunja. Ukishafungua, chomoa waya wa betri ya ndani.

Vumbi lenyewe halikai mahali watu wanapopuliza. Linajikusanya kati ya feni na vibati vyembamba vya shaba, likashikana kama kitambaa cha kijivu. Ukipuliza kutoka nje unalirudisha kwenye feni, na wiki mbili baadaye limerudi palepale. Toa feni, ubandue kitambaa hicho kwa kibano au brashi laini, ndipo upulize. Shikilia panga za feni kwa kidole wakati wa kupuliza. Zikizungushwa kwa nguvu ya hewa zinaharibu bearingi. Na kompresa ya gereji ya matairi hutoa hewa yenye maji, iepuke.

Ikiwa Hatua ya 3 ilionyesha pesti, vua bomba la shaba. Skrubu zake mara nyingi zimeandikwa 1, 2, 3, 4. Zilegeze kidogokidogo kwa kupishana, na wakati wa kurudisha zikaze kwa mpangilio huo wa namba, mzunguko nusu kwa kila moja, ukirudiarudia. Ukiikaza moja hadi mwisho kabla ya zingine, bomba linakaa upande, na ndiyo maana kuna mashine zilizopakwa pesti mpya zinazochemka kuliko mwanzo.

Futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji. Ukilazimika kuitumia, acha pakauke vizuri. Weka pesti mpya ukubwa wa punje ya mchele katikati ya kioo cha prosesa. Kama umbo lake ni refu, nyoosha punje hiyo iwe mstari. Zaidi ya hapo ni uchafu tu, itamwagika pembeni. Ukikuta vipande laini vya mpira juu ya vitu vingine kwenye ubao, virudishe palepale, wala usivibadilishe kwa pesti. Kile kipande ni kinene kwa sababu kuna nafasi ya kujaza.

Feni inayokwaruza au kutikisika haifai kupakwa mafuta ya cherehani, ingawa mafundi wengi watakupakia. Itanyamaza mwezi mmoja. Nunua feni kwa namba iliyoandikwa juu yake. Kwenye ThinkPad tafuta herufi FRU.

Hatua ya 6: Mipangilio ya mfumo

Nimeiweka hapa makusudi, baada ya usafi, kwa kuwa mipangilio haiondoi vumbi.

Anza na bayosi, maana matoleo mapya hurekebisha udhibiti wa feni na umeme. Lenovo, Dell na HP husambaza masasisho kwa Linux:

```
fwupdmgr refresh
fwupdmgr get-updates
fwupdmgr update
```

Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati huku betri imekufa, unaweza kubaki na ubao usiowaka.

Ubuntu 24.04 tayari ina `thermald` kwa prosesa za Intel na `power-profiles-daemon` nyuma ya kitufe cha hali ya umeme. Ukitaka TLP, ondoa `power-profiles-daemon`, usiziweke pamoja; zitagombana na hutajua nani ameweka nini.

Kwa chumba chenye joto, dawa ninayoiamini kuliko zote ni kuzima kasi ya ziada ya prosesa:

```
echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo
```

Kwa AMD nyingi ni `echo 0 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`. Utapoteza kasi kiasi kwenye kazi nzito, lakini kuandika, barua pepe na vikao vya video hutahisi sana, na feni inatulia. Ukiwasha upya inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo huna cha kuogopa kuijaribu.

Video nayo inataka jicho. Kama joto linapanda ukiangalia YouTube tu, huenda prosesa inafungua picha yenyewe badala ya kuiachia sehemu ya grafiki. Sakinisha `vainfo` na `intel-gpu-tools`, cheza video, kisha andika `sudo intel_gpu_top`. Mstari wa Video ukibaki 0, grafiki haisaidii. Prosesa za kizazi cha 7 na kuendelea hufungua VP9, mtindo unaotumika sana YouTube. AV1 zinaanzia kizazi cha 11. Mwenye mashine ya kizazi cha 4 au 5 aweke kiongezo cha h264ify kwenye brauza, kinachoilazimisha YouTube itume H.264 ambayo mashine hizo zinaimudu.

Hatua ya 7: RAM na diski

Fungua vitu vyako vya kila siku, halafu:

```
free -h
vmstat 1
```

Kwenye `free` usitazame safu ya `free`, tazama `available`. Linux hujaza RAM kwa makusudi kuharakisha mafaili, na kuirudisha inapohitajika. Kwenye `vmstat`, safu za `si` na `so` zikionyesha namba mfululizo, mfumo unahamisha kumbukumbu kwenda na kurudi diskini. Hapo yule wa "ongeza RAM, bosi" alikuwa sahihi. T480 ina nafasi mbili za RAM ya DDR4. Amri ya `sudo dmidecode -t memory` itakuambia ipi iko wazi kabla hujatoa pesa. Mashine kama X1 Carbon RAM yake imechomelewa, haiongezeki.

Kabla ya kununua, au kama RAM imechomelewa, jaribu zram, inayobana data ndani ya RAM badala ya kuipeleka diskini. Sakinisha `zram-tools`, fungua `/etc/default/zramswap`, weka `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha `sudo systemctl restart zramswap`. Kwa mashine ya GB 4 tofauti utaiona siku hiyohiyo, ukiongezea eneokazi jepesi kama Xfce. Fedora huja na zram tayari tangu toleo la 33.

`si` na `so` zikiwa 0 lakini safu ya `wa` (muda ambao prosesa inaisubiri diski) iko juu, ni diski. Andika `lsblk -d -o NAME,ROTA,SIZE,MODEL`. ROTA ikiwa 1, una diski ya kuzunguka. Ibadilishe iwe SSD, isiyo na kitu kinachozunguka; hakuna mpangilio wa Linux utakaoishinda hatua hiyo. ROTA ikiwa 0, kagua nafasi kwa `df -h`, maana SSD iliyojaa pomoni huburuta, kisha pima afya:

```
sudo smartctl -a /dev/sda
```

Kwa NVMe, SSD ya umbo la kadi, andika `/dev/nvme0`. Kwenye SATA, ile inayoitwa `sda`, angalia `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Zikiwa juu ya 0 na zinaongezeka, nakili mafaili yako leo. Kwenye NVMe angalia `Percentage Used`. Na kuna mstari wa saa za kuwaka, `Power_On_Hours` au `Power On Hours`: uliyeuziwa SSD "mpya kabisa" ukikuta humo saa 14,000, rudi dukani na risiti yako.

Hatua ya 8: Rudia jaribio

Rudia Hatua ya 3 vilevile, chumba kilekile, saa za mchana zilezile, ulinganishe na namba ulizoandika. Pesti iliyopakwa vizuri huonekana mara moja: joto halirukii tena 95 kwa sekunde mbili, na hewa inayotoka ni moto kweli, kwa sababu sasa joto linafika kwenye vibati. Namba ya `package_throttle_count` inatakiwa ibaki 0 au karibu yake. Kama umempa fundi kazi hiyo, fanya jaribio palepale kwake kabla hujalipa. Ni dakika tatu tu, na fundi mzuri hatakukatalia.